Mti, masanduku au mkono wako: njia ipi ikueleweshe Prolog inavyorudi nyuma?

Kijana mmoja ninayemfundisha programu jioni hapa Mwanjelwa alinisogezea laptopu yake huku amekunja uso. Shangazi yake hununua viazi Isyonje na kuvipeleka sokoni Iringa, kwa hiyo alipotaka mfano wa kujifunzia Prolog, lugha ya programu ambayo unaiandikia ukweli na kanuni kisha unaiuliza maswali, hakuhangaika. Aliandika barabara za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kisha akaiuliza mashine kama kutoka Mbeya mtu anafika Iringa. Mashine ikajibu ndiyo. Ila juu ya hilo jibu ilikuwa imechapa majina tisa ya miji, na la nne lilikuwa Kyela.

"Mwalimu, gari la Iringa linatafuta nini Kyela?"

Mtu wa namna hii unaweza kumjibu kwa njia tatu. Unaweza kumchorea mti. Unaweza kumwonyesha masanduku yenye milango minne. Au unamwambia aandike utafutaji uleule kwa Python, lugha nyingine ya programu, kwa mkono wake, ajionee. Nimezitumia zote tatu, na sizipi uzito sawa.

Programu yenyewe ni hii:

```
barabara(mbeya, uyole).
barabara(uyole, isyonje).
barabara(isyonje, tukuyu).
barabara(tukuyu, kyela).
barabara(isyonje, makete).
barabara(uyole, makambako).
barabara(makambako, njombe).
barabara(njombe, makete).
barabara(makambako, mafinga).
barabara(mafinga, iringa).

fika(X, Y) :- barabara(X, Y).
fika(X, Y) :- barabara(X, Z), write(Z), nl, fika(Z, Y).
```

Isyonje ndipo njia ya Makete inapochepuka kutoka barabara ya Tukuyu. Miji mingi ya katikati imerukwa. Watu wa Chimala na Igawa watusamehe. Barabara zimeandikwa za upande mmoja tu, kana kwamba mtu akishaondoka Mbeya harudi, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kanuni ya kwanza inasema unafika kama ipo barabara ya moja kwa moja. Ya pili inasema unafika kama ipo barabara hadi mji fulani Z, na kutoka huo Z unafika. Isome hata mara tano, kosa hulioni, kwa sababu halipo. Sasa angalia ilichochapa ilipoulizwa `fika(mbeya, iringa)`:

uyole, isyonje, tukuyu, kyela, makete, makambako, njombe, makete, mafinga.

Njia ya kweli ni Mbeya, Uyole, Makambako, Mafinga, Iringa. Prolog husoma mistari kutoka juu kwenda chini. Ilipofika Uyole ilikuta njia panda: Isyonje au Makambako. Isyonje imeandikwa juu zaidi, ikaishika. Isyonje nako njia panda, ikashika Tukuyu, ikashuka mpaka Kyela, na kutoka Kyela hakuna mstari wowote unaoendelea. Ikarudi kwenye njia panda ya karibu zaidi iliyobakiwa na chaguo, yaani Isyonje, ikajaribu Makete. Hakuna kitu. Ikarudi hadi Uyole, na hapo tu ndipo ikaikumbuka Makambako. Kabla ya Mafinga ikachungulia Njombe, ikaangukia Makete kwa mara ya pili, ikafeli kwa sababu zilezile za mara ya kwanza.

Kinachowachanganya watu, kwa nilivyoona, ni neno lenyewe "kurudi nyuma". Mtu wa Mbeya akilisikia anaona safari: konda kashusha abiria Kyela, dereva kageuza gari, wanapanda tena milima ya Uporoto kwenye ukungu, mafuta yanaungua, saa zinakwenda. Prolog hairudi hivyo. Prolog inasahau. Inapotoka Kyela kurejea Isyonje, kigeu Z kilichokuwa kimeshika `tukuyu` kinaachia, kinakuwa kitupu kama vile Tukuyu haijawahi kutajwa. Kilichobaki ni wino tu. Amri ya `write` imeshachapa kwenye skrini, na skrini haisahaulishwi. Kwa hiyo kijana wangu alikuwa anasoma orodha ya vilivyokumbukwa pamoja na vilivyosahauliwa, vyote kwa mwandiko mmoja.

Basi njia nzuri ya kumwelewesha mtu ni ile inayomwonyesha huko kusahau. Kwa kipimo hicho tuzilinganishe.

Mti

Chukua karatasi. Juu kabisa andika swali, `fika(mbeya, iringa)`. Kila njia panda ichoree matawi, la kushoto likiwa la mstari ulioandikwa juu zaidi. Tawi lililofeli litie alama ya mkasi, lililofaulu litie duara. Kisha pita na penseli: shuka kushoto mpaka mwisho, panda hadi penye tawi lililobaki, shuka tena.

Uzuri wa mti ni kwamba kila tawi lina Z yake. Kwenye tawi la Isyonje umeandika Z = isyonje, kwenye tawi la Makambako umeandika Z = makambako, na hakuna anayedhani kwamba moja imefutwa ikaandikwa nyingine. Kusahau kunaonekana bila kuelezwa: ukiwa kwenye tawi la kulia, ya tawi la kushoto hayakuhusu. Pia unaiona Makete ikitokea mara mbili, sehemu mbili tofauti, na mwanafunzi mwenyewe atakuuliza kwa nini kazi inarudiwa. Hapo umeshapata mlango wa somo lingine.

Mti pia unamaliza ubishi wa `true` na `false`. Baada ya jibu la kwanza, ukibonyeza nukta mkato, unaiambia Prolog itafute jibu jingine. Kwa programu hii itachapa `iringa` halafu itasema `false`. Kijana alishtuka kuliko alivyoshtukia Kyela. "Kwanza imekubali, sasa imetaja Iringa yenyewe halafu imekataa. Barabara ipo au haipo?" Ipo. Ile `false` inasema tu hakuna jibu jingine. Mafinga ilikuwa imefaulu kwa kanuni ya kwanza, ya pili ikawa bado haijaguswa. Ulipobonyeza, ikajaribiwa: kutoka Mafinga nenda Iringa, kisha kutoka Iringa ufike Iringa. Kwenye data yetu hakuna barabara inayotoka Iringa, kwa hiyo ikafeli. Mtu mwenye mti mkononi anaweka kidole kwenye tawi dogo la pembeni na kusema, aha, lilikuwa limebaki hili.

Ubaya wake ni kwamba mti hauna saa. Umechorwa wote kwa pamoja, mwanzo na mwisho vinaonekana sawia, na mtu anasahau kwamba mashine wakati wowote iko kwenye tawi moja tu. Tena mti ni wa mifano midogo. Barabara kumi zinaenea kwenye ukurasa. Ratiba ya shule yenye walimu ishirini haitaenea hata ukutani.

Masanduku

Njia hii ilielezwa mwaka 1980 na Lawrence Byrd, na ndiyo iliyo ndani ya vifaa vya kufuatilia programu katika Prolog nyingi mpaka leo. Kila lengo, yaani kila swali dogo ambalo mashine inajaribu kulijibu, ni sanduku lenye milango minne. Kushoto kuna mlango wa kuingilia, na kuna mlango wa kutokea ukifeli. Kulia kuna mlango wa kutokea ukifaulu, na kuna mlango wa kuingilia tena pale mtu wa mbele yako anapokurudishia kazi. Kwenye skrini utaona vikiitwa Call, Fail, Exit na Redo.

Weka masanduku mawili sambamba, la kushoto `barabara(uyole, Z)`, la kulia `fika(Z, iringa)`. Umeingia la kushoto kwa Call, umetoka kwa Exit ukiwa na Isyonje. Unaingia la kulia kwa Call. Humo ndani kuna hekaheka zote za Tukuyu, Kyela na Makete. Mwisho unatoka kwa Fail. Fail ya sanduku la kulia inafunguka wapi? Kwenye Redo ya sanduku la kushoto. Unajikuta ndani ya `barabara(uyole, Z)` kwa mlango wa nyuma, unaulizwa una jingine, unajibu Makambako, unatoka tena kwa Exit.

Mimi huu mlango wa Redo ndio uliniamsha. Nilikuwa nimezoea lugha ambazo ukishatoka kwenye funksheni umetoka, mlango umefungwa. Katika Prolog sanduku ulilolipita linaweza kuamshwa tena, na hakuna neno hata moja katika maandishi ya programu linaloonyesha hivyo. Kati ya `barabara(X, Z)` na `fika(Z, Y)` kuna mkato tu. Mkato ule ukisomwa kwenda mbele ni "na", ukisomwa kurudi ni "una jingine?"

Kwa hiyo masanduku yana saa, kitu ambacho mti hauna. Ila Z unaona inabadilika tu, Isyonje halafu Makambako, kama kigeu cha kawaida cha Python kilichoandikwa juu ya kingine, na kusahau kunajificha. Halafu kuna wingi. Kwa swali letu hili dogo, mpaka jibu la kwanza, `fika` inaitwa mara 10 na `barabara` mara 19, na kila wito ni mistari kadhaa kwenye skrini. Anayeanza akiandika `trace.`, amri ya kufuatilia kila hatua, anapigwa na mvua ya mistari, na mashine halisi humchanganya zaidi kwa kuruka masanduku ambayo hayana chaguo lililobaki, kwa hiyo Redo inaibuka mahali asipopategemea.

Masanduku humfaa mtu ambaye tayari anajua mti na sasa ana programu ya mtu mwingine iliyomletea jibu la ajabu. Kuanza nayo ni kujitesa.

Kuandika mwenyewe kwa Python

Vijana wengi ninaokutana nao wameanzia Python, na wanapenda njia hii kwa sababu wanajiona nyumbani. Safari hii tunabeba orodha ya njia:

```
def fika(hapa, mwisho, njia):
    njia.append(hapa)
    if hapa == mwisho:
        return True
    for z in barabara.get(hapa, []):
        if fika(z, mwisho, njia):
            return True
    njia.pop()
    return False
```

Hapa `barabara` ni kamusi ya Python, kila mji na orodha ya miji unayoweza kufika moja kwa moja. Mwachie mwanafunzi aiandike, halafu mwambie afute mstari wa `njia.pop()` na aendeshe tena. Orodha itatoka hivi: mbeya, uyole, isyonje, tukuyu, kyela, makete, makambako, njombe, makete, mafinga, iringa. Kyela imerudi! Rudisha `pop`, orodha inakuwa mbeya, uyole, makambako, mafinga, iringa.

Mstari ule mmoja ndio kusahau. Kwenye Python unasahau kwa mkono, na ukiusahau huo usahaulifu, gari la viazi linapita Kyela. Prolog inakufanyia. Ndani yake huweka daftari la vigeu vilivyojazwa tangu njia panda ya mwisho, na ikifeli inalifuata daftari kinyumenyume, inavifungua kimoja kimoja. Mashine ya nadharia aliyoibuni David H. D. Warren mwaka 1983, ambayo Prolog nyingi zimejengwa juu yake, ina sehemu maalumu ya kumbukumbu kwa kazi hiyo tu. Kwa hiyo mtu aliyewahi kutafuta `pop` iliyopotea saa tano usiku huelewa Prolog inamfanyia nini kwa kasi kuliko aliyeelezwa.

Hata hivyo siipi nafasi ya kwanza. Funksheni hii ya Python ikishasema `True` imekufa. Huwezi kuibonyezea nukta mkato ikupe jibu la pili, mpaka uiandike upya kwa `yield`, amri ya kutoa majibu moja moja. Wala huwezi kuigeuza. Prolog ukiiuliza `fika(mbeya, X)` inakutajia kila unakoweza kufika, majibu kumi, Makete ikiwemo mara mbili. Ukiiuliza `fika(X, iringa)` inakutajia kila unakoweza kutokea. Kanuni ni zilezile mbili. Aliyejifunzia Python peke yake huja na imani kwamba kufeli ni kosa la programu, kumbe katika Prolog kufeli ni mlango kama milango mingine.

Kabla hujachagua

Usijione mzito wa kichwa. Wazo la mashine kurudi nyuma yenyewe limewakera hata waliolijenga. Lugha ya Planner iliyotoka MIT, chuo kikuu cha Marekani, ilikuwa nalo kabla ya Prolog, na mwaka 1972 Gerald Sussman na Drew McDermott, watu wa hukohuko MIT, waliandika kulalamika kwamba linamficha mwandishi kinachoendelea na kumpotezea mashine muda. Wakatengeneza lugha nyingine, Conniver, inayomrudishia mwandishi usukani. Mwaka uleule, kule Marseille, Ufaransa, Alain Colmerauer na Philippe Roussel walikuwa wanaunda Prolog, ambayo ililikumbatia. Robert Kowalski, aliyewapa msingi wa kimantiki, baadaye alilieleza kwa ufupi mwaka 1979: algorithimu ni mantiki pamoja na udhibiti. Kwenye programu ya viazi mantiki yote unaiona. Udhibiti uko kwenye mpangilio wa mistari, na mpangilio haupigi kelele.

Jaribu uone. Ongeza `barabara(uyole, mbeya).` mwishoni mwa orodha ya barabara. Swali la Iringa linajibiwa kama kawaida. Uhamishe mstari huohuo juu kabisa ya orodha. Sasa Prolog inatoka Mbeya kwenda Uyole, Uyole kwenda Mbeya, Mbeya kwenda Uyole, mpaka kumbukumbu inaisha. Hakuna ulichobadilisha katika ukweli. Uyole na Mbeya ziko palepale. Ndiyo maana mwanzoni barabara ziliandikwa za upande mmoja. Hapa mti ukiuchora unakuwa tawi lisilo na ncha, na mwanafunzi anaelewa kabla hajamaliza karatasi. Masanduku yanakupa Call juu ya Call bila Exit, unaelewa baada ya kukodoa macho. Python nayo inakuletea ujumbe wa kosa la kujiita kupita kiasi, halafu unaenda kuuliza mtu.

Dawa yake, ukitumia toleo la Prolog liitwalo SWI-Prolog, ni mstari mmoja juu ya kanuni: `:- table fika/2.` (ile 2 ni idadi ya vitu ndani ya mabano ya `fika`). Hapo Prolog inaweka majibu iliyokwisha kuyapata kwenye jedwali, kwa hiyo haizunguki, na Makete haichunguzwi mara ya pili. Mimi kwa mambo ya barabara, ukoo na chochote chenye mzunguko siandiki bila mstari huo. Ila usiufundishe siku ya kwanza, maana unaficha hichohicho unachotaka kionekane, na ile `write` yako itaanza kuchapa kwa mpangilio usioelezeka.

Dawa ambayo watu huikimbilia ni alama ya mshangao, ile ya kukata njia panda. Kijana alisoma mahali kwamba inaharakisha, akaitia baada ya `barabara(X, Z)`. Programu ikawa ya haraka kweli. Ikashika Isyonje, ikakata daraja la Makambako nyuma yake, ikashuka Kyela, ikajibu kwamba Iringa haifikiki. Shangazi angesikia.

Basi nani achague nini? Kama unaanza, au una mtihani wa karatasi, shika mti. Kama umepewa programu ya mwingine na inakataa pale inapopaswa kukubali, washa masanduku, lakini kwa kanuni moja tu: `spy(fika/2)` au jina lolote unalolishuku, usifuatilie kila kitu. Kama umetoka kwenye Python na neno "kufeli" linakuogopesha, andika ile funksheni mara moja, futa `pop`, irudishe, halafu iache. Nisingekushauri ubaki huko zaidi ya jioni moja.

Yule kijana nilimpa mti. Alitumia ukurasa mmoja wa daftari la hesabu kwa barabara zake kumi. Alipotaka kuongeza Songea na Mbamba Bay, akaulaza ukurasa.